Sikufika Ukurasa wa Tano

Jumatatu, 4 Oktoba 2010

Daftari hili lilikuwa la hesabu la binti yangu Darlène. Aliandika kurasa mbili, akachora farasi kwenye wa tatu, kisha akalitupa chini ya kitanda. Nimeliokota. Nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kirundi Darlène anakisoma, Kiswidi wanakisoma wote, na Kiswahili nilichokiokota kambini Kigoma hakuna anayekijua humu nyumbani Hallonbergen ila mimi. Mtu anayechagua lugha kwa sababu hiyo ana la kuficha. Haya, ninalo.

La kwanza ni kazi yangu. Wanakwaya wenzangu nimewaambia kwamba napima sukari maabara. Ukweli ni kwamba napima virusi vya ukimwi. Muuguzi wa zahanati ya kijijini, kaskazini mwa Zambia, anamchoma mgonjwa kidole, anadondosha matone matano kwenye kadi nene, anaikausha, kisha anaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na punje za kufyonza unyevu. Pikipiki inaipeleka hospitali ya wilaya, gari linaipeleka Lusaka, ndege inaileta Stockholm. Sisi tunatoboa kidoa, tunahesabu virusi na kurudisha jibu. Watu wale wamekunywa dawa kwa miaka bila yeyote kujua kama bado zinafanya kazi. Walikuwa wanasubiri mpaka mtu aanze kukonda. Sasa wanatusubiri sisi.

Leo imefika mifuko sita. Mvua kule bado hazijaanza. Hapa zimeanza.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mazoezi ya kwaya kanisani Spånga. Saa kumi na mbili kamili jioni, katikati ya ubeti, simu ya rafiki yangu Kahindo, Mkongo, ikalia kama kawaida. Akatoka, akarudi baada ya dakika mbili akijipangusa midomo. "Kaka yangu wa Butembo," akasema. Nikamtania kwamba kaka huyo ana saa ya Mswidi, hakosei hata dakika. Kila mtu akacheka. Kahindo naye akacheka.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimechelewa treni. Samaki wameungua.

Jumatano, 27 Oktoba

Leo nimeokoa kadi, na nakiri kwamba nimejisikia mtu.

Mfuko mmoja uliingia unyevu njiani, na kadi moja kibandiko chake kilikuwa kimebanduka. Bila kibandiko hakuna namba, na bila namba kadi ni karatasi tu. Sheria yetu ni kuiweka kando, kujaza fomu ya hitilafu, ile waiitayo avvikelse, na kuomba damu nyingine. Nikamfikiria mama wa watu atembee tena nusu siku kwenda kuchomwa kidole, kwa sababu ya gundi. Muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu pembeni: Joyce Nanyangwe, 1 Januari 1980. Nikafungua orodha ya zahanati ile. Ukurasa wa tatu, huyo hapo: Joyce Nanyangwe, 1 Januari 1980, namba 417, mjamzito. Jina sawasawa, tarehe sawasawa. Nikachapa kibandiko kipya, nikabandika. Ilichukua dakika mbili.

Fomu sikuijaza. Tangu nianze hapa sijajaza hata moja, na wenzangu wanajaza kila wiki kama watu wanaojaza bahati nasibu. Mimi ndiye mweusi pekee katika chumba hiki na mkataba wangu ni wa muda, unaisha Desemba. Karatasi ya kujishitaki siiwezi.

Jumatano, 3 Novemba

Jibu la 417 limetoka: virusi ni vichache mno kuhesabika. Dawa zinafanya kazi, mtoto atazaliwa salama. Nikampelekea jibu lake kwa moyo mweupe. Kati ya majibu yote ya leo, hilo nililiona kama langu.

Jumatano, 10 Novemba

Theluji, mapema hivi.

Jumapili, 14 Novemba

Darlène anaandika insha ya shule kuhusu siku za kuzaliwa, akaomba za wanakwaya wetu. Nikamtajia: mimi tarehe mosi Januari, Norbert mpiga gitaa tarehe mosi Januari, Séraphine tarehe mosi Januari, mama Arielle tarehe mosi Januari. Akaweka kalamu chini.

"Men mamma! Wote mmezaliwa siku moja?"

Nilicheka hadi machozi. Nikamweleza kwamba afisa wa wakimbizi alituuliza tarehe, hatukuijua, naye hakuwa na muda, akaandika ya kwanza iliyomjia. Mama yangu anakumbuka tu kwamba nilizaliwa wakati wa kuvuna maharage. Tarehe mosi Januari si siku ya kuzaliwa, nikamwambia, ni njia ya kusema hatujui.

Nimesema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nayaandika tu kwa kuwa yalinifurahisha.

Jumanne, 23 Novemba

Ee Mungu wangu.

Nilikuwa nasafisha sanduku la mifuko iliyotumika, kazi ambayo hakuna anayeipenda, kwa hiyo naifanya mimi. Ndani ya ule mfuko wa unyevu, kwenye mkunjo wa chini, kulikuwa na kadi imegandamana na plastiki. Nikaibandua taratibu. Matone matano mazuri, makavu. Kibandiko chake kimeshika vizuri: 417. Na kwa kalamu, mwandiko uleule wa muuguzi: Joyce Nanyangwe, 1 Januari 1980.

Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Kisha nikafungua orodha. Ukurasa wa tatu, Joyce Nanyangwe, 417, mjamzito. Safari hii nikaendelea. Ukurasa wa nne. Ukurasa wa tano, mstari wa pili kutoka chini: Joyce Nanyangwe, 1 Januari 1980, namba 462, si mjamzito. Mbele ya jina lake mfumo umeandika kwamba kadi haikufika. Ilifika. Niliipima mimi, nikampa mwenzake jibu lake.

Wanawake wawili wa ukoo mmoja, jina moja, na afisa mmoja asiyekuwa na muda. Mtu mwingine yeyote humu maabara angeweza kusema hakujua. Ann-Mari, mkuu wetu, ana siku yake ya kuzaliwa ya kweli, na keki kila Mei. Mimi tarehe hiyo nimeibeba kwenye kitambulisho miaka kumi, na niliiona kwenye kadi nikaiamini kama mhuri.

Bado sijui damu ya 417 inasema nini. Labda naye virusi vyake ni vichache hivyohivyo. Kesho nitajua. Hakuna haja ya kumsumbua mtu kabla ya kesho.

Jumatano, 24 Novemba

Nimeipima kadi wakati wenzangu wako kwenye kahawa. Virusi laki mbili na elfu kumi kwa mililita.

Dawa zake zimekufa nguvu. Anazimeza kila siku, na virusi vinaogelea. Amebeba mimba ya miezi saba, na kwenye karatasi yenye jina la maabara yetu tumemwambia kila kitu ni shwari. Akibadilishiwa dawa sasa, kuna wiki za kutosha kumkinga mtoto. Asipobadilishiwa, hakuna.

Nilisimama mlangoni kwa Ann-Mari. Alikuwa anafuma soksi huku akisikiliza mtu kwenye simu. Akaniinulia kidole: dakika moja. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba si kitu, nikaondoka.

Ijumaa, 26 Novemba

Kila Ijumaa pikipiki hutoka hospitali ya wilaya kwenda zahanati ile na majibu. Imetoka leo. Sijasema.

Mahojiano ya kazi ya kudumu ni Jumatatu. Nikishapita hapo nitasema.

Jumatatu, 29 Novemba

Mahojiano yamekwenda vizuri. Mtu wa utumishi akauliza udhaifu wangu ni upi. Nikajibu kwamba nina uangalifu kupita kiasi.

Jumatano, 1 Desemba

Siku ya Ukimwi Duniani. Maabara iliwaalika wafadhili. Mishumaa ilikuwa mezani, pamoja na maandazi ya zafarani. Ann-Mari alikuwa ameniomba wiki tatu zilizopita nizungumze, na sikuona njia ya kukataa bila kueleza. Nikavaa gauni la kitenge kwa sababu nilijua linatarajiwa.

Nikawasimulia safari ya kadi. Kidole, tone, pikipiki, ndege. Nikasema nilifanya kazi kwenye maabara ya kambi, ambako tulikuwa na darubini moja na taa ya chemli. Nikasema mwanamke wa kijijini sasa anajua hali ya damu yake sawa na mwanamke wa Stockholm. Wakapiga makofi. Mzee mmoja alifuta macho. Akaniuliza, "Na makosa? Kadi nyingi hivyo, kutoka mbali hivyo?"

Nikamjibu, "Tunaangalia kila kadi mara mbili."

Nilisema hivyo. Nikala na andazi.

Ijumaa, 3 Desemba

Pikipiki imeondoka tena. Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Treni zimekatwa, nimetembea kutoka Sundbyberg, na nilifurahi kwamba naumia miguu.

Jumamosi, 4 Desemba

Leo nimemwambia Kahindo.

Sikukusudia. Baada ya mazoezi tulibaki jikoni kanisani, yeye anakunywa chai, mimi naosha vyombo. Kahindo anatoka Norsborg, mwisho kabisa wa reli, anafagia ofisi za watu tangu alfajiri, na mdomo wake hauna breki. Akaniangalia akasema, "Concessa, siku hizi unaimba kama mutu anakabwa. Kuko nini?"

Nikamwaga yote. Kwanza kwamba sipimi sukari. Kisha kadi, Joyce wawili, mimba, pikipiki mbili. Nikasema nasubiri mkataba utiwe saini, wiki mbili tu, kisha nitatafuta namna.

Kahindo akageuza kikombe mezani.

"Ile simu yenye munanichekaka," akasema. "Ya saa kumi na mbili. Haiko kaka."

Sikuelewa. Mimi, mtu wa maabara, nilisimama na sifongo mkononi nisielewe.

"Ni saa ya dawa. Niko nakunywa dawa tangu miaka munane. Nilifika huku nayo. Kila miezi tatu wananipimaka damu, na ile karatasi ikisema ni muzuri, njo nalala. Ile tu. Sina muganga mwengine, niko na ile karatasi." Akanikazia macho. "Sasa weye unaniambia kule kuko mama mwenye analala juu ya karatasi ya uongo, na unaijua, na unangoja contrat? Mais Concessa."

Nikataka kusema samahani, lakini sikujua namwomba yeye au yule mwingine. Nikachukua kikombe chake kukiosha, ili mikono iwe na kazi. Hapo ndipo mkono wangu ulipokwama. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Najua kila kitu kuhusu virusi hivi, naweza kukuchorea umbo lake, najua kwamba havipiti kwenye kikombe, na mkono wangu ulikwama hewani juu ya kikombe cha rafiki yangu.

Aliona.

"Osha tu," akasema polepole. "Haiambukizi." Akavaa koti lake akaenda kuwahi treni.

Lazima niandike na hili, la sivyo daftari hili ni uongo mwingine. Dada yangu Adrienne alikufa kambini mwaka 1999. Tuliwaambia watu ni malaria. Kulikuwa na kikombe cha plastiki cha kijani ambacho alikuwa anatumia peke yake. Kilikuwa na alama ya kisu kwenye kishikio chake, kisichanganyike na vya watoto. Wote walidhani ni mama aliyekitia alama. Ni mimi. Adrienne alijua ni mimi, maana aliniona nikikikata, na kila nilipomletea chai alikipokea kwa mikono miwili akasema asante.

Bango la zahanati ya kambi lilikuwa na methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilipita mbele yake kila asubuhi nikienda kwenye darubini yangu. Sikuwahi kudhani linasema na mtu mwenye afya.

Jumatatu, 6 Desemba

Nimesema. Saa mbili na dakika tano asubuhi, kabla Ann-Mari hajavua buti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kambini, mwenzangu aliyevunja vioo vya damu alifukuzwa mbele ya mstari wa wagonjwa, na daktari akamtaja jina. Ann-Mari alikaa chini. Akauliza ni lini, kadi ipi, nani amepewa jibu. Aliandika. Kisha akasema kwa utulivu, "Vizuri kwamba umesema." Akafungua fomu ya avvikelse kwenye kompyuta, akanigeuzia kioo tuijaze pamoja.

Fomu ile, ambayo nimeikimbia mwaka mzima, haina hata mahali pa kuandika jina la mkosaji. Inauliza mambo manne: nini kimetokea, kimegunduliwa lini, kimefanywa nini, tufanye nini kisitokee tena. "Hii si karatasi ya polisi," Ann-Mari akasema. "Wenzako wanajaza kila wiki. Ulidhani ni wazembe?"

Ndivyo nilivyodhani, na nilijiona bora kuliko wao.

Kwenye swali la pili, kimegunduliwa lini, nikaandika tarehe 23 Novemba. Vidole vyake vilisimama. Akatazama kalenda ukutani. Alichukua simu akapiga Lusaka.

Jumanne, 7 Desemba

Lusaka wamepata hospitali ya wilaya, na hospitali imetupa namba ya muuguzi wa zahanati. Anaitwa Milcah. Zahanatini hakuna mtandao. Lazima apande kilima nyuma ya shule, na huwa anapanda mchana. Kwa kuwa amekulia karibu na bandari ya Mpulungu, anajua Kiswahili cha wafanyabiashara wa ziwani, basi Ann-Mari akanipa simu mimi. Huenda alifanya hivyo kwa urahisi tu. Huenda sivyo.

Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Nikajitambulisha. Nikamwambia jibu la Joyce Nanyangwe, 417, lilikuwa la mtu mwingine.

"Ngoja," akasema. "Joyce yupi? Nina Joyce wa Kalonda na Joyce wa ng'ambo."

"Mjamzito."

"Huyo ni wa Kalonda. Virusi vyake vikoje?"

Nikamwambia.

"Mimi nimemwambia yuko safi," akasema. "Alicheza. Alicheza hapa mlangoni, na tumbo lake lile."

Nikamwuliza kama dawa nyingine, zile wanazopewa ambao za kwanza zimeshindwa, anazo. Akasema ziko hospitali ya wilaya, si kwake. Nikamwambia wazitume na pikipiki Ijumaa.

"Dada, mvua imenyesha siku tatu. Daraja limekwenda juzi Jumapili. Hakuna pikipiki." Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayejaza rejista: "Nyinyi mmejua lini?"

Nilikuwa na lugha nne za kujificha. Nikamwambia, "Mimi nimejua tarehe ishirini na tatu mwezi uliopita."

Akahesabu kwa sauti. "Pikipiki ilifika hapa tarehe ishirini na sita. Ikafika tarehe tatu."

"Ndiyo."

"Haya," akasema. "Nitamwita leo. Nitamwambia mimi."

"Mwambie ni mimi niliyekosea."

"Hakujui, dada. Anayemjua ni mimi."

Jumatatu, 13 Desemba

Darlène ameimba shuleni kwenye sikukuu ya Mtakatifu Lusia, amevaa gauni jeupe, ameshika mshumaa. Nililia, na mama wa pembeni akanipa leso akidhani ni furaha.

Kalonda bado mvua.

Jumatano, 22 Desemba

Nimepewa kazi ya kudumu.

Nikamwambia Ann-Mari kwamba sistahili. Akasema yeye aliwahi kupoteza friza nzima ya damu mwaka 1988, na kwamba tangu wiki iliyopita hakuna kadi inayopata kibandiko kipya bila watu wawili kusoma orodha yote. "Hilo limetoka kwako," akasema. Kisha, akitazama soksi yake: "Lakini siku kumi na tatu, Concessa. Hizo sijui niziweke wapi."

Nikatia saini. Nahitaji mshahara. Natamani ningeandika kwamba nilisita, lakini kalamu ilikwenda yenyewe.

Jumamosi, 1 Januari 2011

Siku yangu ya kuzaliwa, kwa mujibu wa Ufalme wa Uswidi. Darlène ameoka keki. Nikawakumbuka akina Joyce wote wawili, leo wametimiza thelathini na mmoja kama mimi nilivyotimiza thelathini na saba, na hakuna kati yetu aliyezaliwa leo. Nikazima mshumaa wa siku isiyo yangu.

Kahindo hajapiga simu tangu siku ile. Kwenye mazoezi husimama safu ya nyuma.

Jumatatu, 17 Januari

Milcah amepanda kilima. Maji yalipungua kidogo, vijana wakavusha dawa kwa mtumbwi, zikafika zahanati Ijumaa tarehe kumi na nne.

Joyce alijifungua Jumanne, tarehe kumi na moja.

"Siku tatu," akasema Milcah. Nikahesabu upya, nikapata siku tatu vilevile. Ni mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, analia vizuri. Milcah amempa dawa ya matone ambayo huwapa watoto wote. "Tutampima akifika wiki sita. Kadi itakuja kwenu."

Ann-Mari ananiambia hatuwezi kujua. Hata kama jibu lingefika mapema, barabara, dawa, mwili wa mama, hakuna anayeweza kujua. Ni kweli, na ananiambia kwa wema. Nimegundua kwamba nayapenda sana maneno hayo, hatuwezi kujua, na kwa sababu nayapenda nimeyakataza kichwani mwangu.

Jumamosi, 22 Januari

Saa kumi na mbili jioni simu ya Kahindo ililia. Nilitoka nyuma yake na glasi ya maji. Alimeza kidonge mbele yangu, akanirudishia glasi. Maji yalibaki kidogo. Nikayanywa.

"Usinifanyie théâtre," akasema. Lakini alicheka, na tukarudi ndani, akasimama safu ya mbele.

Jumanne, 8 Februari

Mafua. Siku nzima kitandani. Darlène amenipikia tambi.

Ijumaa, 25 Februari

Kadi hazijafika. Wamesema daraja linajengwa.

Jumatano, 16 Machi

Mfuko umefika leo. Punje za unyevu zilikuwa kavu, vibandiko vyote vimeshika.

Kadi yake ilikuwa ya nne kutoka juu. Mtoto wa Joyce Nanyangwe, Kalonda. Kuzaliwa: 11 Januari 2011. Hiyo ni tarehe ya kweli. Mtu alikuwepo akaiandika siku hiyo hiyo.

Ann-Mari alisema mwingine anaweza kuichukua. Nikaomba niifanye mimi na yeye akague, akakubali. Nilitoboa kidoa. Mashine ikachukua saa zake. Nilikaa karibu nayo, sikwenda kwenye kahawa.

Virusi vipo.

Nikasema lazima kuna kosa. Ann-Mari hakunizuia. Tukafungua orodha, mimi nasoma kwa sauti, yeye anafuata kwa kidole. Sikuishia ukurasa wa tatu. Nilisoma wa nne, wa tano, nikaenda hadi wa kumi na moja, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji. Mtoto wa Joyce Nanyangwe yuko mmoja tu. Nikatazama kibandiko kwenye mwanga. Nikatoboa kidoa cha pili, nikapima upya. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii niliomba, kwa sauti, mbele ya mkuu wangu, niwe nimekosea.

Hakuna kosa. Nikaandika jibu, nikatia saini jina langu zima.

Limeondoka saa tisa. Daraja limekwisha kujengwa, barabara ni kavu. Ijumaa pikipiki itafika.